Homa ya Reuben

"Zima hilo gramafoni, mama Inez! Zima, au nitakuja kulizima kwa mguu!"

"Njoo basi! Mlango uko wazi, na miguu unayo!"

Jumapili ile ilianza hivyo, hata kofia za kanisani hatujavua. Mama yangu alisimama upande wetu wa ukuta, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika upawa. Upande wa pili kilionekana kichwa cha Anti Philo Rozario na kidole chake, basi. Aliyejenga nyumba za mtaa wa reli pale Jhansi alizipa kuta za kufika kifuani, kana kwamba alijua wanawake wakigombana hupenda kutazamana.

"Mwanangu ana msiba humu ndani," Anti Philo alipaza sauti ili hata nyumba ya mwisho wasikie. "Wiki ya tatu hii hali, halali, na ninyi mnapiga muziki wa kucheza!"

"Msiba wa nani? Walifunga ndoa lini? Mbona mimi sikula keki?"

Hata mimi niliona hapo mama amevuka mpaka. Majirani waliokuwa wameegemea nguzo za mabaraza yao, wakisikiliza kwa raha, waliangalia chini.

Anti Philo alishusha kidole. Kisha akasema taratibu, na taratibu ile ilikuwa mbaya kuliko kelele: "Hukula keki kwa sababu bwana harusi amelala mchangani huko Basra. Wa kwenu yeye anakuja leo kula kofta zenu za nyama."

"Sasa wetu ana kosa gani? Kijana aliugua! Daktari wao mwenyewe aliandika! Mungu ndiye apangaye nani augue na nani asiugue."

"Ndiyo, homa ya siku tatu. Homa ya adabu sana ile. Gari moshi limeondoka, na homa nayo imeondoka."

Mimi nilikuwa ndani, nimesimama mbele ya gramafoni. Niliinua sindano, muziki ukakatika. Kwa haraka yangu ilikwaruza santuri kutoka ukingo hadi katikati, na ile ilikuwa santuri aliyoipenda mama kuliko zote.

Kama kuna mtu pale Jhansi aliyejua Mungu hakupanga homa ile, ni mimi. Niliipanga mimi, jikoni kwetu, kwa punje mbili za kitunguu saumu.

*

Niwaeleze kuhusu wale vijana, maana hawakuwa askari kama askari tuliowazoea.

Sisi wa mtaa wa reli, wajukuu wa babu Mwingereza na bibi wa Kihindi wa pale pale, tumekulia ubavuni mwa kambi. Askari wa kudumu tuliwajua: kulewa Jumamosi, kupigana Jumapili, kukutazama msichana kama unauzwa. Vita vilipoanza wale wakapelekwa Ufaransa, na mahali pao tukaletewa watu wa ajabu. Walikuwa wauza viatu, makarani, waokaji mikate, vijana wa kwaya, wote kutoka mji mmoja mdogo wa Somerset huko Uingereza, karibu wote mitaa mitatu ileile. Huko kwao walikuwa wanavaa sare jioni mbili kwa wiki, na kila mwaka wiki mbili za kulala kwenye mahema. Wazee wa reli wakawabatiza jina siku ya kwanza: askari wa Jumamosi.

Kapteni wao ndiye aliyekuwa na kiwanda cha viatu walichofanyia kazi nusu yao. Alikuwa anawaita kwa majina ya utotoni. Daktari wao, Hembrow, mzee wa ndevu nyeupe, aliwazalisha mama zao. Ukienda kwake na kikohozi alikuuliza habari za bibi yako kabla ya kukuuliza habari za kifua.

Watu wa namna hiyo tuliweza kuwakaribisha mezani. Kila nyumba ikachukua mmoja mmoja kwa chakula cha Jumapili. Sisi tukampata Reuben Tapscott, mpima viatu, mrefu, masikio mekundu, mtu wa kusema "samahani" hata akigongana na kiti. Jirani zetu, kina Anti Philo, wakampata Wilf Stuckey, mwana wa mwoka mikate, mfupi, mcheshi, sauti yake unaisikia kabla hajafika getini. Huko kwao Reuben na Wilf walikuwa majirani. Ukuta mmoja. Hata hapa kitanda cha huyu kiligusana na kitanda cha yule.

Baada ya miezi mitatu Wilf alikuwa wa Merle, binti wa Anti Philo, rafiki yangu tangu tuna meno ya maziwa. Na Reuben alikuwa wangu. Baba alipinga. "Mpima viatu!" alisema. "Na vita vikiisha atarudi kwa mama yake, wewe utabaki na jozi ya viatu." Lakini baba alikuwa dereva wa treni ya barua, nyumbani ni mgeni kama askofu, na mama alikuwa upande wetu. Jioni Reuben alikaa barazani hajasema neno dakika kumi, ananitazama tu, na mimi nimeshika shono langu nimesahau sindano iko wapi.

Kisha ikaja orodha ya watakaopelekwa vitani Basra. Majina thelathini. La nane lilikuwa lake.

Nililia mbele yake bila aibu. Aliniambia, "Nitarudi, Inez." Nikamwambia, "Wa mbele yako walisema hivyohivyo." Nikamshika mkono nikampeleka jikoni, na nikamfundisha jambo ambalo kila mtoto aliyekulia karibu na kambi analijua. Menya punje mbili, uziponde kidogo, uzifunge kwapani usiku kucha. Asubuhi unawaka kama jiko. Kwa daktari wa askari wa kudumu usingelijaribu. Yule angekunusa, akakupeleka mahabusu na harufu yako. Lakini Dokta Hembrow hakumnusa Reuben. Alimtia kipimajoto, akakisoma, akamshika paji la uso, akasema, "Pole, mwanangu. Nitamwandikia mama yako, usijali." Angemshuku vipi mtoto aliyempokea kwa mikono yake?

Asubuhi ileile kapteni akauliza nani atajaza nafasi ya Tapscott, vilevile alivyokuwa akiuliza mchezaji wa akiba siku za kriketi. Mkono wa Wilf ulikuwa juu hajamaliza sentensi.

Hilo sikulipanga. Naapa sikulipanga. Lakini nilipolisikia, gari moshi lilikuwa bado stesheni, injini inapumua, na nyumba yetu iko hatua mia mbili kutoka stesheni. Ningeweza kukimbia. Nilikaa kitini nikamenya viazi.

*

Reuben alifika saa sita, kofia ya jua mkononi, buti zimejaa vumbi. Alikuwa amebeba kisanduku cha bati kilichofungwa kamba.

Mama alimlaki kama hakuna kilichotokea. "Karibu, mwanangu, karibu! Usimjali yule wa jirani, ana machungu. Wali unakauka, nusu saa tu. Inez, mpe maji. Mbona umekonda? Kwani hawawapi chakula huko?"

"Nakula, mama. Asante."

"Unakula nini, mifupa? Kaa!" Akarudi jikoni akiimba kwa ukaidi, sauti ya kuvuka ukuta.

Tukabaki barazani. Reuben hakukaa. Zamani akiingia macho yake yalinitafuta kwanza, kama mtu anayetafuta taa. Siku ile yalitua kwenye shingo yangu, kwenye kiti, kwenye chungu cha maua. Tangu habari ya Wilf ije tulikuwa hivyo, tunatazamana kwa vipande.

"Hicho ni nini?" nikauliza.

"Vitu vyake. Alivyoviacha kambini. Wembe, mpira wa kriketi, soksi alizofumiwa na Merle. Kapteni amesema mimi ndiye nivilete kwa kuwa mimi ndiye jirani yake." Alimeza mate. "Alisema hivyo: 'Wewe ndiye jirani yake, Tapscott.'"

"Mpe mama, yeye atavipeleka."

"Inez."

"Au viweke ukutani, Anti Philo atavichukua mwenyewe."

"Inez, nitazame."

Nikamtazama. Alikuwa amezeeka. Miaka ishirini na mitatu, na chini ya macho kuna mifuko kama ya karani mkuu.

Akatoa barua kifukoni. "Ya mama yangu. Imefika juzi, kwao habari zilitangulia kwa simu. Sikiliza." Alisoma kwa sauti ndogo, akifuata maneno kwa kidole. "'Kila jioni baada ya chai napita kwa Hannah Stuckey, nakaa naye. Haniambii neno baya. Ananishika mkono tu na kuniambia nina bahati. Namshukuru Mungu kwa homa yako, Reuben, kisha naona haya kumshukuru. Jana aliniletea mkate. Tangu afiwe hajaacha kuniletea mkate.'" Akaikunja. "Mkate, Inez. Mama yake Wilf anamwokea mama yangu mkate."

Nikasema neno baya. "Mimi nilikufundisha tu. Kwapa lilikuwa lako."

Masikio yake yaliwaka. "Na vitunguu vilikuwa vya nani?"

"Ungekataa! Una mdomo!"

"Ulikuwa unalia!"

"Kwa hiyo ni machozi yangu yaliyomuua?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema! Kila ukija hapa unasema, hata ukinyamaza unasema! Huli chakula cha mama kikiwa na kitunguu saumu, unadhani sioni? Unakisogeza pembeni ya sahani kama mdudu."

"Na wewe? Mama yako ananiambia huingii jikoni tena. Ananiuliza kama una mimba."

Ningecheka, siku nyingine. Nikajikuta nimekaa chini kwenye ngazi. Akakaa pembeni yangu, kisanduku katikati yetu. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu tulikuwa karibu hata nikasikia harufu ya sabuni ya kambi shingoni mwake, na nikatamani, Mungu anisamehe, nikatamani kuegemea bega lile na kusahau kila mtu aliyewahi kuzikwa.

"Bado lina alama," alisema polepole, akijigusa chini ya mkono wa kushoto. "Kitunguu kiliunguza ngozi. Nikioga naiona. Wenzangu wananiuliza ni nini, nawaambia upele."

"Utapona."

"Sitaki kupona." Kisha, bila kugeuka: "Kuna orodha nyingine. Inaondoka Alhamisi. Nimejiandikisha."

Niligeuka nimtazame usoni.

"Umejiandikisha lini?"

"Jana."

"Kabla ya kuniambia."

"Ningekuambia kwanza ungelia. Ukilia mimi sina nguvu, Inez. Umeshaona."

Nilimpiga. Si kofi la kwenye hadithi, ni ngumi ya begani, ya mtoto, mara mbili, tatu. Hakujikinga. "Kwa hiyo Wilf amekufa bure! Alikwenda ili wewe ubaki, na sasa unakwenda vilevile! Mtakuwa wawili! Nani atafaidika? Nani?"

"Sijui. Najua tu siwezi kukaa mezani kwenu nikala, na upande wa pili wa ukuta ule kuna mtu hali." Akanishika ile ngumi, akaifungua kidole kimoja kimoja. "Nakupenda. Nikirudi nitakuoa, kama utanitaka. Lakini kabla sijaenda nataka nimwambie Merle. Na siwezi peke yangu. Nimekuja kukuomba twende wote."

"Atatuchukia."

"Ndiyo."

"Tumekua pamoja, Reuben. Tulibatizwa siku moja. Hakuna siri yangu hata moja asiyoijua."

"Moja," alisema.

*

Hatukupita mlango wa mbele, tungeonekana mtaa mzima. Tulipita penye ufa wa ukuta nyuma ya banda la kuku, njia yangu na Merle ya miaka kumi na tano. Zamani nilipenya bila kugusa matofali. Siku ile gauni langu la kanisani lilinasa, Reuben akalinasua, na kwa sekunde tulisimama tumebanana katikati ya nyumba mbili, hatuko kwetu wala kwao. Alinibusu kipaji cha uso. Midomo yake ilikuwa mikavu.

Anti Philo alikuwa jikoni kwake, mlango wazi, anakoroga. Alipotuona, upawa ulibaki hewani.

"Mmekuja kuchukua gramafoni lenu? Halijaruka ukuta bado."

"Tumekuja kwa Merle, Anti," nikasema.

"Merle haonani na watu."

"Waache, mama."

Merle alikuwa mezani, kwenye kivuli cha ndani ya jikoni, nywele hazijafungwa, amevaa gauni la kijivu. Mbele yake kulikuwa na sinia la mchele anaochagua, lakini mchele ulikuwa safi tayari. Alikuwa akihamisha punje kutoka upande huu kwenda ule. Sikuwa nimemwona tangu siku ya rambirambi, niliposimama nyuma ya wanawake wote nikatoka kabla ya sala kwisha.

Reuben aliweka kisanduku mezani. "Vitu vya Wilf," alisema. Mtu aliyetembea kutoka kambini na hotuba nzima kichwani, akasimama pale kama mtoto aliyesahau shairi.

Basi nikasema mimi. Sikupanga maneno. "Merle, Reuben hakuugua. Nilimpa kitunguu saumu afunge kwapani. Ilikuwa akili yangu, si yake. Hatukujua Wilf atanyoosha mkono. Lakini nilipojua nilikaa. Gari moshi lilikuwa stesheni, ningeweza kukimbia, nikakaa. Nikamenya viazi."

Upawa wa Anti Philo ulianguka sakafuni.

Nilingoja Merle apige kelele. Nilitaka apige kelele. Aliinua macho kutoka kwenye mchele, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Wiki tatu."

"Nini?"

"Wiki tatu nimekusubiri uje useme. Kila siku nilisema, leo atakuja. Mama akiniletea chai namwambia weka kikombe cha pili, ananiona nimechanganyikiwa. Nilikuwa najua, Inez. Najua tangu kabla ya Krismasi."

Alitia mkono kifuani mwa gauni, akatoa karatasi iliyokunjwa hadi imekuwa laini kama kitambaa. Hakutupa tuisome. Aliisoma mwenyewe, na sauti ya Wilf ilitoka humo, ile ya kusikika kabla hajafika getini: "'Usiku ule Reuben alinuka kama jiko la mama yako. Nililala pembeni yake hadi asubuhi, nimeuma mto nisicheke. Usimwambie mtu. Mwache abaki amtazame Inez wake kwa macho ya ng'ombe. Mwaka juzi alinifichia siri nilipotoroka mazoezi, sasa zamu yangu. Nitakwenda nione mto wa kwenye Biblia, nirudi kabla ya joto. Niwekee kofta.'"

Kuku walisikika nje. Merle aliikunja tena ile karatasi.

"Ameiandikia Bombay, wakingoja meli," Merle alisema. "Iliponifikia walikuwa bado hawajapanda. Siku mbili nzima. Ningekwenda kwa kapteni nimwambie, mgonjwa wako si mgonjwa, mrudishe wangu. Nilivaa hadi viatu. Kisha nikafikiri, watamfunga Reuben, na Inez hatanisamehe." Alicheka kicheko kibaya. "Nikavua viatu. Kwa hiyo usinijie hapa na viazi vyako, kana kwamba ni wewe peke yako uliyekaa."

Ndipo nilipokumbuka Krismasi. Mama alikuwa amepakua mchuzi, Merle ameonja, akaniangalia juu ya kijiko na kusema, kitunguu saumu kimepungua mwaka huu kwenu. Nikadhani anasema mapishi.

"Alidhani ni mchezo wa kriketi," Reuben alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta. "Sisi sote tulidhani hivyo. Merle, mimi..."

"Wewe nyamaza kidogo. Unajua ni nani ninayemchukia kuliko ninyi wote? Yeye. Kwamba alikumbuka wewe una mtu, akasahau na yeye ana mtu. Nimemtukana wiki tatu. Lakini maiti hagombezeki, hajibu. Nilihitaji mtu wa kugombana naye mwenye mdomo, na ninyi mmejificha nyuma ya ukuta mnapiga gramafoni!"

"Ni mama aliyepiga," nikasema. Hata nikaona haya.

"Najua ni mama yako! Nani mwingine angepiga lile?" Na katikati ya hilo sauti yake ikapasuka. Akalaza uso kwenye sinia la mchele, mabega yakamtetemeka, na mimi nilizunguka meza bila kujua kama nitasukumwa. Hakunisukuma. Hakunishika pia. Nilisimama nimeweka mkono mgongoni kwake, mifupa yake nikiihesabu kwa vidole, na Reuben upande wa pili amepiga magoti sakafuni kama yuko kanisani.

Alipoinuka, punje za mchele zilikuwa zimemganda shavuni. Nilimpangusa moja moja.

"Ninaondoka Alhamisi," Reuben alimwambia. "Basra. Nimejiandikisha."

Merle alimtazama, kisha akanitazama mimi, na nikaona amefahamu tulichozungumza barazani kama alikuwepo. "Mjinga," alisema. "Mwingine. Mama, umesikia? Mwingine huyo." Akajifuta pua. "Kasafishe kaburi lake, basi. Kama lina alama. Mwambie kwamba soksi zile nilizimaliza na hakuzivaa hata siku moja."

"Nitamwambia."

"Na kofta zipo."

Tukamgeukia Anti Philo wote watatu. Alikuwa bado amesimama jikoni, mikono imelowa mchuzi, upawa miguuni. Nilimwona akituhesabu, mimi, Reuben, binti yake. Nikamwona akitazama mlango ule wa nyuma, na nikajua anachagua kama tutoke au tubaki. Nilisogea mlangoni mwenyewe.

"Twende, Reuben."

"Kaeni," Merle alisema. "Sijakusamehe, Inez. Nataka ulijue hilo kabla hujakaa."

"Nimejua."

"Huenda nisikusamehe hata kidogo."

"Nimejua."

"Basi kaa. Sijala na mtu wiki tatu, na chakula cha peke yangu hakishuki." Akavuta kiti kwa mguu. "Mama, ongeza sahani mbili."

Anti Philo aliinama akaokota upawa, akaufuta kwa aproni, akaufuta tena. Alifunua sufuria. Mvuke ukatoka, na humo kilikuwemo kitunguu saumu, kingi, cha kukaanga hadi kimekuwa cha kahawia, harufu niliyoikimbia tangu Desemba. Reuben aliutafuta mkono wangu chini ya meza, akaushika kwa nguvu hata vidole vikaniuma, na hakuna kati yetu aliyegeuza uso.

Alipakua. Kofta tatu kwa Reuben, tatu kwangu, tatu kwa Merle. Kisha akasimama na sufuria mkononi, akiangalia kilichobaki, kidevu kikimcheza. Wali wa nazi wa nyumba ile haukutosha watu wanne. Aliliona hilo. Akatoka uani akiburuta ndala, akaenda hadi kwenye ukuta, na tulimsikia akikohoa kusafisha koo.

"Mama Inez!"

"Nini tena? Gramafoni limezimwa!" mama yangu akajibu kutoka upande wetu. "Na wanangu wako wapi? Wali umeiva, baraza tupu!"

"Wako huku."

"Huko? Wanafanya nini huko?"

Kutoka mezani niliuona mgongo wake tu, na mkono wake mmoja umekaa juu ya tofali.

"Beta, kuna jambo," alisema, akimwita mama kwa jina la usichana wao ambalo sikuwa nimelisikia tangu nikiwa mdogo. "Litakuumiza. Mimi limeshaniumiza. Utaambiwa ukishakaa. Lete huo wali wako, wangu hautoshi. Pitia mlango wa mbele kama mtu, uje ule."